Kunde za Wifi

Shamba lenyewe halikuwa kubwa. Lilianzia nyuma ya karakana ya useremala na kuishia kwenye ukuta wa matofali ambao marehemu baba yao aliujenga akauacha bila lipu. Katikati ilipita njia nyembamba ya toroli. Upande wa kulia alilima dada mtu, fundi cherehani aliyeanza masomo ya jioni akiwa tayari na wajukuu, na ambaye mtaa mzima ulikuwa umeacha kumwita Fundi ukawa unamwita Mama Darasa. Upande wa kushoto alilima wifi yake, mke wa kaka yake seremala.

Walilima mchicha na kabichi, na mboga zao zote zilikwenda mahali pamoja: jiko la hospitali. Mpishi mkuu wa jiko hilo, mama mnene mwenye sauti ya kuita watu kutoka mbali, aliwapa sharti moja tu. Shamba lisiguswe na mbolea ya dukani wala dawa ya kupulizia.

"Wagonjwa wangu wanakula dawa za kutosha," alisema. "Siku nikisikia mmetia hata kijiko, tumeachana. Na sitataka kujua ni nani kati yenu."

Mama Darasa alilipokea sharti lile kama nadhiri. Kila asubuhi, kabla ya kukaa kwenye cherehani, alisimama kwenye njia ya toroli akafumba macho, akaliombea shamba pande zote mbili. Wifi alikuwa akimsubiri amalize ndipo aanze kumwagilia. Siku nyingine alimnong'oneza, "Wifi, waambie na hao konokono waokoke." Mama Darasa alicheka katikati ya sala, akamwomba Mungu radhi, kisha akaendelea.

Walipendana. Wifi alikuwa ameolewa katika nyumba ile miaka kadhaa bila kupata mtoto, na ndugu waliokuja kutembea walimtazama kwanza tumbo ndipo wakamtazama uso. Aliyewafunga midomo alikuwa Mama Darasa. "Aliyekuja kukagua matumbo," alisema huku akiwamiminia chai, "aanze na la kwake." Tangu siku ile wifi hakuwahi kumwacha anywe chai iliyopoa.

Msimu mmoja wifi aliumwa mgongo. Hakuweza kuinama muda mrefu, kwa hiyo badala ya mchicha alisia kunde, maana kunde zikishafunika ardhi hazikudai palizi nyingi. Mama Darasa hakupendezwa. Kunde hazikuwa na bei, na hospitali haikuzitaka.

"Wifi, hizi ni kunde za mvivu."

"Mvivu naye anakula, wifi."

Hata kuvuna alivuna kivivu. Hakung'oa mashina, aliketi kwenye kigoda akayakata kwa kisu usawa wa ardhi, mizizi akaiacha humo humo, na majani makavu akayatandaza juu yake. Mama Darasa alipita na toroli lake la kabichi, akatazama, akatikisa kichwa.

"Umeliacha shamba kama kichwa kilichonyolewa na kinyozi aliyeitwa nyumbani ghafla."

"Likiota nywele nitakuita ulisuke."

Wakacheka, na hayo ya kunde yakaisha.

Masomo ya jioni yalifanyika katika darasa la watoto. Watu wazima walijibana kwenye madawati mafupi, magoti yakiwafika vifuani. Mwalimu wa kilimo alikuwa binti anayeweza kuwa mtoto wa kumzaa Mama Darasa. Jumanne moja alifundisha habari ya chakula cha udongo.

"Udongo nao unakula," alisema. "Ukivuna kabichi kila msimu mahali pale pale, unachukua tu, hurudishi. Urudishieni. Majani makavu, mabua, magome, hata maranda ya seremala. Vyote vilikuwa hai, na vyote vinaweza kuwa chakula chake. Namna ya kuvitayarisha tutaiona Alhamisi."

Alhamisi hiyo ilikuwa zamu ya Mama Darasa kuongoza kikundi cha sala. Hakusita. Somo lilikuwa limeshamwingia moyoni. Maneno yale, kwamba kilichokuwa hai kinaweza kurudi kuwa chakula cha kilicho hai, yalimgusa kuliko mahubiri mengi aliyoyasikia. Kilichobaki, alijiambia, ni kutenda.

"Kaka," alimwambia seremala, "maranda yako yote nayataka."

"Yote? Unashona magodoro siku hizi?"

"Nataka kuulisha udongo."

Seremala alilitazama lundo lililokuwa chini ya meza yake ya kazi, maranda meupe yaliyojikunja kama randa ilivyoyatoa. "Haya, ulishe. Lakini uutafutie na meno."

Wifi naye alisimama kwenye njia ya toroli, mkono kiunoni. "Wifi, haya si ndiyo tunayowashia moto?"

"Mwalimu amesema yalikuwa hai."

"Hata mimi nilikuwa hai kabla sijaolewa na kaka yako."

"Acha mzaha. Nitie na kwako?"

"Anza kwako kwanza. Udongo ukiyakubali, utanitilia."

Mama Darasa aliyatia maranda kwake, akayachimbia ndani kwa jembe, tuta baada ya tuta, akiimba. Wiki iliyofuata walipanda mchicha pande zote mbili, kwa siku moja, mbegu zikitoka katika kopo moja.

Upande wa kushoto uliota na kupanda juu. Upande wa kulia uliota, kisha ukasimama. Majani ya chini yalianza kuwa ya njano, halafu ya katikati, na miche ikabaki mifupi na myembamba kama iliyoadhibiwa. Mama Darasa aliongeza maji. Akaongeza sala. Akafunga kula mchana. Kila asubuhi alisimama kwenye ile njia, na alipofumbua macho aliona kitu kile kile: kulia njano, kushoto kijani kilichoiva hata kikaribia weusi.

Hakuwaza ubaya mara moja. Wazo lilimjia kidogo kidogo. Mbegu ni zile zile, maji ni yale yale, mvua haichagui upande. Yeye ndiye aliyeulisha udongo kama alivyofundishwa, na yeye ndiye aliyenyimwa. Akaanza kuomba kwa namna nyingine. "Ee Mungu, kama kuna mkono mchafu katika shamba hili, uuoneshe."

Siku mbili baadaye aliingia chumba cha wifi kuchukua ndoo. Nyuma ya mlango, kwenye msumari, lilining'inia gunia lililofungwa mdomo kwa kamba. Tangu aanze masomo Mama Darasa alikuwa akisoma kila kilichoandikwa: vibao vya maduka, pakiti za chumvi, chupa za dawa ya kikohozi. Alisoma na hili. Herufi zilikuwa nne tu, kubwa, za bluu, na chini yake picha ya jani la kijani. Urea: mbolea ya dukani.

Hakuligusa wala hakulifungua. Aliona kwamba kufungua kungekuwa kumwuliza Mungu mara ya pili jambo alilokwisha kulijibu.

Mpishi mkuu alifika asubuhi iliyofuata na kijana wa matenga. Akatazama kulia, akatazama kushoto.

"Hee! Hawa wa huku mmewanyima nini?"

Wifi alikuwa akimwagilia. Alifungua mdomo ili atanie, akamwona Mama Darasa uso wake, akaufunga.

"Muulize wifi," alisema Mama Darasa. "Mimi siwezi kukuuzia uongo, mama."

"Aniulize nini?" wifi akasema.

"Gunia la nyuma ya mlango."

"Gunia la kunde?"

"Limeandikwa urea. Nimelisoma mwenyewe."

"Ndivyo lilivyoandikwa. Mwenye duka alinipa likiwa tupu, nikatilia kunde zangu. Gunia ni gunia, wifi. Mfuko wako wa vitambaa umeandikwa saruji. Umeshawahi kumshonea mtu gauni la saruji?"

Kijana wa matenga alicheka, akaona wengine hawacheki, akainama kushughulika na matenga. Mama Darasa aliutazama mlango wa chumba. Kisha akayatazama tena yale majani ya kijani.

"Nenda ulifungue basi," wifi alisema. "Liko pale pale."

"Kilichomo leo kinaweza kuwa sicho kilichokuwemo."

Wifi aliweka ndoo chini.

"Apa," alisema Mama Darasa. "Sitaki kingine. Apa mbele ya Mungu na mbele ya mama huyu kwamba hujatia kitu, nami nitakuomba msamaha hapa hapa kwa magoti."

Ilikuwa njia aliyoiona ya huruma. Neno moja tu, na yote yangekwisha. Alimtazama wifi yake akimsihi kwa macho alitamke.

"Siapi kwa ajili ya mchicha," wifi akasema.

"Asiye na kosa anaogopa nini kuapa?"

"Siogopi. Unanijua miaka yote hii. Tumekula sahani moja. Kama neno langu halikutoshi likiwa peke yake, halitakutosha hata nikilivika jina la Mungu."

Mpishi mkuu aliinua mikono yake yote miwili. "Nilisema sitataka kujua ni nani, na bado sitaki." Akamwashiria kijana, nao wakaondoka na matenga matupu.

Seremala alikuwa ametoka karakanani, penseli sikioni, vumbi la mbao kwenye nyusi. Alikuwa mtu asiyependa makelele, na shule aliiacha mapema. Dada yake kujifunza kusoma vizuri ukubwani lilikuwa jambo alilowasimulia wateja.

"Dada, una hakika?"

"Nimesoma kwa macho yangu."

Akamgeukia mkewe. Alisema kwa upole, kama mtu anayetaka watu warudi kazini. "Si uape tu, yaishe?"

Wifi alimtazama mumewe kwa muda mrefu kuliko alivyokuwa amemtazama Mama Darasa. Alifuta mikono kwenye kanga yake, akaingia ndani. Alipotoka alikuwa na mzigo mmoja. Alipita kwenye njia ya toroli bila kukanyaga tuta la mtu, akatoka kwa mlango wa karakana. Gunia aliliacha kwenye msumari.

Seremala hakumfuata. Alidhani atarudi jioni. Siku zilizofuata alidhani bado ana hasira. Baadaye akaacha kudhani, akawa anapiga randa tu.

Mama Darasa alimwendea Mwalimu baada ya somo, akamwuliza jinsi ya kuuponya udongo uliotiliwa kitu kwa siri na mtu mwingine. Mwalimu hakuelewa, akasema atakuja mwenyewe. Akaja Jumamosi, amevaa viatu vya mpira.

Alianza na upande wa kulia. Alichimbua kwa mkono, akainua konzi ya udongo. Maranda yalikuwamo, bado meupe, bado yamejikunja.

"Uliyarundika kwanza na samadi?"

"Kuyarundika?"

"Yarundikwe na samadi na majani mabichi, yaloweshwe, yageuzwe, yakae miezi mpaka yawe meusi. Ndipo yaingie shambani." Mwalimu alimtazama. "Ni somo la ile Alhamisi."

"Alhamisi ile nilikuwa kwenye sala," alisema Mama Darasa.

Mwalimu alikung'uta udongo mikononi. Kisha alieleza taratibu, bila ukali, na huo upole ulikuwa mzito kuupokea. Mbao huoza kwa kuliwa na vijidudu wadogo sana wa udongoni. Vijidudu hao nao, ili waile, wanahitaji naitrojeni, kile chakula kinachoyafanya majani yawe ya kijani. Mbao haina ya kutosha. Kwa hiyo wanaichukua iliyomo udongoni, na mizizi ya mchicha inakuta hakuna.

"Kabla ya hapo ulipanda nini?"

"Kabichi."

"Na kabla ya kabichi?"

"Kabichi."

"Kabichi ni mlaji, mama. Udongo huu ulikuwa na njaa tayari. Halafu ukauletea wageni wa kulisha."

Mama Darasa alinyoosha mkono kuelekea upande wa kushoto, ambako mchicha ulikuwa umekomaa ukaanza kutoa mbegu bila wa kuuchuma. "Na kule? Si urea?"

Mwalimu alivuka njia. Chini ya ukuta palikuwa na mkunde mmoja uliojiotea kutokana na punje iliyodondoka. Aliung'oa taratibu, akakung'uta udongo. Kwenye mizizi kulikuwa na vinundu vidogo vingi kama shanga. Alipasua kimoja kwa ukucha. Ndani kilikuwa cha rangi ya ufizi.

"Kunde zinaichukua naitrojeni hewani na kuiweka humu. Msimu uliopita zilikuwa upande huu wote?"

"Ndiyo."

"Na mizizi mliing'oa?"

"Aliiacha. Aliyakata mashina kwa kisu."

"Basi iliozea humo, na majani pia. Huyu alifanya vizuri sana. Alifundishwa na nani?"

"Hakufundishwa," alisema Mama Darasa. "Mgongo ulikuwa unamuuma."

Alisimama akikishika kile kinundu kilichopasuliwa. Halafu akauliza, kwa sababu bado sehemu moja ndani yake ilitaka isiwe hivyo, "Unaweza kuapa kwamba hakutia kitu?"

"Siwezi kuapa, mama. Sikuwapo. Ila kijani hiki hakikuhitaji urea."

Mwalimu alipoondoka, Mama Darasa aliingia chumbani, akalitoa gunia kwenye msumari, akafungua kamba. Zilikuwa kunde. Zilikuwa zimechambuliwa vizuri, hakuna jiwe wala ganda, na juu yake wifi alikuwa ametia majivu kidogo zisibunguliwe.

Alimpata wifi kwa mama yake mzazi, upande mwingine wa mji, katika nyumba ya chumba na sebule. Wifi alikuwa akiwapigia watu pasi. Mashati meupe yalikuwa yamepangwa kitini, na chumba kilinukia mkaa na nguo mbichi. Alimwona mgeni mlangoni na gunia lake kifuani, akaweka pasi juu ya kigae, akaondoa mashati kwenye kiti.

"Karibu, mama," alisema. "Keti. Nikuletee maji."

Hakuwahi kumwita mama. Mama Darasa alikunywa maji yale yote kwa sababu hakujua afanye nini kingine. Kisha alieleza: maranda, vijidudu, kabichi, mizizi ya kunde, Mwalimu aliyechimba kwa mkono wake. Alieleza mpaka mwisho. Wifi alisikiliza huku akikunja kola ya shati.

"Kwa hiyo udongo umechimbwa, ndipo ukasema," wifi akasema.

"Ndiyo, wifi."

"Mimi nilisema bila kuchimbwa."

"Nisamehe. Kwa ajili ya Mungu, nisamehe."

"Usimtume Mungu kwangu. Ulishamtuma mara moja." Hakupaza sauti. Aliinua pasi, akaipuliza majivu, akaishusha kwenye mkono wa shati. "Kaka yako amekutuma?"

"Hajui kama nimekuja."

"Sawa."

Mama Darasa aliweka gunia karibu na miguu yake. "Nimekuletea kunde zako."

"Za nini, mama? Hapa sina shamba." Aligeuza shati upande wa pili. "Wale waliokuwa wakinitazama tumbo nilikuwa siwaogopi hata kidogo. Unajua kwa nini? Kwa sababu wewe ulikuwepo. Sasa nikirudi pale nitamwangalia nani?"

Mama mzazi wa wifi aliingia na nguo nyingine, akasalimia, akamwona binti yake jinsi alivyoinamia pasi, akamwambia mgeni kwamba magari yatakuwa machache kadiri jioni inavyokuja. Mama Darasa alisimama. Alilibeba gunia akarudi nalo.

Alipofika nyumbani alisikia mbao zikiangushwa nyuma ya karakana. Seremala alikuwa akipanga mbao mbichi juu ya upande wa kushoto, safu juu ya safu, mchicha ukiwa umelazwa chini yake.

"Kaka! Hapo sipo!"

"Hapa kuna jua. Zitakauka haraka."

"Huo ndio udongo mzuri. Wote uliobaki mzuri ni huo. Mwalimu amesema..."

"Mzuri wa nani?" Aliweka mbao nyingine, akaisogeza ikae sawa. "Hospitali haichukui. Mwenyewe hayupo."

"Hakutia kitu, kaka. Nimelifungua gunia. Zilikuwa kunde."

Seremala alisimama akiwa ameshika mwisho wa mbao. Uso wake haukubadilika sana. Alikuwa kama mtu aliyegundua kwamba ubao ulipimwa vibaya tangu mwanzo na sasa umeshakatwa.

"Wewe ndiye uliyesoma, dada," alisema. "Mimi nilikuuliza, ukaniambia umesoma."

Akaendelea kupanga mbao.

Mvua zilipokaribia, Mama Darasa alizisia zile kunde upande wa kulia, juu ya maranda yaliyokuwa yameanza kubadilika rangi, kama Mwalimu alivyomshauri. Ziliota zote. Zilitambaa, zikafunika ardhi, na majani yake yalikuwa ya kijani kizuri. Hakuna aliyekuja kuyatazama. Mpishi mkuu alikuwa amepata wakulima wengine, na alipopita barabarani alipunga mkono akiwa mbali.

Asubuhi Mama Darasa bado alisimama kwenye njia ya toroli akafumba macho. Kushoto kwake mbao zilinukia utomvu. Aliuombea upande wa kulia. Alipofika mahali pa kuuombea upande wa kushoto alinyamaza, akakaa kimya kama mtu anayesubiri kunong'onezwa jambo kuhusu konokono. Kisha alifumbua macho, akainama, akaanza kuwaokota mwenyewe, mmoja mmoja, kwenye kunde za wifi.